Matope Kwenye Ubao wa Picha

Mwalimu hakuwa na salamu. Katika mji huu, ambako mtu atakuuliza habari za usiku, za watoto, za kazi na za mvua kabla hajakuambia kwamba nyumba yako inaungua, yeye aliingia kwa watu na swali moja tu: "Ubao uko wapi?" Ukimwambia karibu bibi, karibu nyabo, kaa chini kwanza, aliuliza tena kwa sauti ile ile. Akishaonyeshwa ubao, uwe shingoni mwa mtoto, mkononi mwake au hata chini ya miguu yake, ndipo alipoketi, akavuta pumzi na kukumbuka kuuliza kama wenyeji ni wazima. Majirani walisema hana adabu. Mama alimtetea. "Mwacheni," alisema, "hiyo ndiyo salamu yake." Na Mama alijua kuliko wote ilikotoka.

Alikuwa mwalimu wa dada yangu Aber. Tulikaa katika nyumba za polisi upande wa Nakawa, miaka ile baada ya vita, mabati yakiwa bado na matundu na watu wameanza tena kupanda maua kwenye makopo ya mafuta. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, kama nusu ya kambi, na tulielewana na wale waliotoka kwingine kwa Kiswahili cha kambini, ambacho hakikuwa na muda wa kanuni nyingi. Aber hakusema hicho, wala Kiacholi cha nyumbani, wala Kiganda cha mtaani. Alipofika umri wa kuanza shule alikuwa na mlio mmoja wa furaha na mmoja wa hasira, na hakumtazama mtu machoni. Siku hizi kuna watu wanaojua kulitaja neno usonji. Wakati ule walitaja majini, laana ya bibi, na dawa ambayo Mama alikunywa akiwa mjamzito.

Darasa la Mwalimu lilikuwa chumba nyuma ya kanisa, kilichokuwa stoo ya viti. Humo alikusanya watoto wasiosema, akawafundisha kusema kwa picha. Kazi hiyo alionyeshwa na nesi mmoja mgeni aliyepita hapo kwa muda mfupi, akaondoka na kumwachia kitabu cha picha za kuchorwa. Kulikuwa na mkate uliokatwa vipande sawasawa, bomba linalong'aa, choo cheupe cha kukalia. Watoto walizitazama picha hizo kama wanavyotazama ukuta. Mwalimu alikasirika siku nzima, halafu akacheka.

"Nani hapa ameona hii mkate?" aliwauliza akina mama. "Hata mimi sijaiona."

Basi akaanza kuokota. Alitembea na mfuko wa kitambaa uliojaa karatasi za sabuni, pakiti za majani ya chai na vifuniko vya maboksi ya biskuti, na mtu akiitupa pakiti njiani yeye aliinama. Kwa vitu visivyo na pakiti alimtafuta mpiga picha wa harusi, akamfanya apige chapati, muhogo, jerikeni ya njano, kitanda. Mpiga picha yule alikuwa amezoea maharusi. Alikuwa akimwuliza Mwalimu kama chapati itatabasamu.

Siku ya kupiga picha ya choo ndiyo waliyokamatwa. Mwalimu alitaka choo chetu hasa, cha kambini, kwa sababu Aber hakukijua kingine. Kupiga picha ndani ya kambi ya polisi bila ruhusa ni kosa, hata leo. Afande wa zamu aliwakuta mbele ya mlango wa choo na kamera.

"Wewe unapiga picha choo ya serikali kwa sababu gani?"

"Ni ya mtoto, afande," mpiga picha alisema.

"Mtoto gani iko ndani?"

"Hakuna mtoto ndani. Kuna mtoto anataka kusema choo."

"Si aseme! Nani amemkataza?"

"Mungu," Mwalimu alidakia. "Nenda umuulize, afande, halafu urudi utuambie."

Baba aliitwa kutoka kazini kuwatoa, na kambi nzima ilicheka wiki ile. Lakini picha ilipatikana. Ilikaa kifuani mwa Aber kwa miaka, na pembeni yake ilionekana nusu ya buti ya yule afande.

Mtindo wake wa kazi ulikuwa hivi. Picha zilishikizwa kwenye ubao kwa ule utepe wa viatu vya watoto unaonata na kulia ukibanduliwa. Mtoto alibandua picha ya kitu anachotaka, akaiweka kiganjani mwako, na wewe ulipaswa kumpa kitu hicho pale pale. "Amekupa neno," Mwalimu alisema. "Usiliweke mfukoni." Neno la kwanza la Aber lilikuwa chapati. Aliibandua, akaikunjakunja kidogo, akaiweka mkononi mwa Mwalimu kama mtu anayejaribu maji kama ni ya moto. Mwalimu hakuwa na chapati ila ile ya chakula chake mwenyewe, iliyokuwa tayari imeumwa. Akampa hiyo. Aber aliitazama chapati, kisha akamtazama Mwalimu. Machoni. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akajifunika uso kwa leso.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alifundisha wazazi kunyamaza na kumsubiri mtoto, meza mate kwanza, angalia pembeni, usimharakishe. Yeye mwenyewe hakumngoja mtu amalize sentensi. Aliongea tangu getini mpaka darasani, aliongea na mbuzi, aliongea na picha alipokuwa akizikata. Aliwakemea akina baba waliovaa sare na kuwafanya wasimame kama wanafunzi, na bado mtoto akimtapikia nguo alisema tu kwa huruma, "Kale, bambi, umemaliza?" Hakupenda kushukuriwa. Ukimwambia asante alitafuta kitu cha kukugombeza.

Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Mtoto si redio mbovu. Hata umpige makofi hasemi." Nilidhani anawasema wazazi. Kumbe alikuwa akijisema. Aliwahi kutueleza kwamba kabla ya picha, alifundisha kwa ndizi. Aliishika ndizi juu ya kichwa cha mtoto mwenye njaa na kumwambia sema, sema ndizi, na mtoto aliyeshindwa alikaa bila ndizi mpaka jioni. "Niliita hiyo ni kazi," alisema. Alikuwa akicheka, lakini viganja vyake alivifuta kwenye sketi, tena na tena, kama vina utomvu.

Picha za ubao alizichagua yeye. Hili tulikuja kulifikiria baadaye. Kulikuwa na chakula, maji, choo, kulala, nje, asante, shikamoo. Hakukuwa na sitaki. Mama mmoja aliwahi kumuuliza, naye akajibu haraka kama kawaida yake, "Mtoto wa kambini akisema sitaki atapigwa. Mimi nawalinda." Sote tuliona ni hekima. Katika nyumba zile hata sisi wenye midomo hatukuwa na neno hilo.

Mwisho wa mwaka alipeleka ubao wa Aber ukafunikwa plastiki ngumu, kama kitambulisho. Picha zilipangwa upya, kila moja na plastiki yake, na kamba nyekundu ya kuvaa shingoni. Alituita wazazi na ndugu, akaukabidhi mbele ya watu.

"Hii ni mdomo ya mtoto," alimwambia Mama. "Ikipotea, ikivunjika, hakuna ingine. Utunze kama kitambulisho ya Afande wako."

Mama aliyasikia maneno hayo kama amri ya kijeshi. Na kwetu kitu cha thamani kinatunzwa mahali pamoja. Sebuleni tulikuwa na kabati la vioo, lenye vikombe vya wageni, picha ya harusi, bati la biskuti lililoletwa na shangazi, na kitambaa cha kufuma juu yake. Mama aliufuta ubao kwa kitambaa chenye maji, akaukausha, akausimamisha kati ya vikombe na harusi. Akafunga. Ufunguo aliuvaa.

Asubuhi za shule Aber alipewa ubao wake mlangoni, na aliporudi ulipokewa mlangoni kabla hajaugusisha na kitu. Jumamosi na Jumapili ulikaa kabatini. Wageni wakija walionyeshwa kupitia kioo. "Ndio mdomo wa Aber," Mama alisema, na wageni walisema jamani, vitu vya siku hizi! Baba alijivuna. Mimi nilijivuna. Hakuna mtu mle ndani aliyeona kwamba tumemfungia mtoto mdomo pamoja na vikombe.

Ilikuwa likizo. Aber alianza kusimama mbele ya kabati na kulipiga kwa kiganja. Mama akadhani ni bati la biskuti, akamfungulia bati, akampa biskuti. Aber akazitupa. Kesho yake alirudi palepale, akipiga na kutoa ule mlio wa hasira, akikataa kula, akijigonga kichwa upande mmoja kwenye ukuta. Baba alisema amepata kiburi. Jirani alisema majini yameona maendeleo yakachukia. Tulimtoa pale kabatini kwa mkono, kwa fimbo, kwa kubembeleza, na kila alipoachiwa alirudi.

Mwishowe alikipiga kioo kwa kiwiko. Tulikimbilia sebuleni tukamkuta ameutoa ubao, damu inamtiririka hadi vidoleni, na anazitafuta picha. Alibandua maji, akaitupa. Akabandua choo, chapati, kulala, akatupa. Alipitisha kidole juu ya zote zilizobaki, kutoka upande hadi upande. Aliyoitafuta haikuwepo. Basi akaushika ubao mzima kwa mikono miwili, akauweka kwenye sikio lake, akabaki hivyo, akitutazama.

Ndipo Mama alipomsogelea akaligusa lile sikio. Lilikuwa linatoa usaha. Hospitali walimponya, lakini sikio halikusikia tena.

Mwalimu alikuja shule ilipofunguliwa, kuuliza kwa nini Aber haji. Mama alimweleza yote, mbele ya kabati lisilo na kioo. Hakumlaumu. Alisema tu, kama mtu anayetoa taarifa, "Nilitunza kama ulivyosema." Mwalimu alitazama kabati, akatazama pale ambapo ubao ulikuwa umesimama. Alitoka akauacha mfuko wake, ikabidi nimkimbizie.

Tangu hapo mbao zake zikawa mbaya makusudi. Aliacha plastiki, akachukua maboksi ya sabuni na gundi ya unga, na kamba ya nyuzi za mgomba. Akimkabidhi mzazi ubao mpya, kwanza alitoka nje, akainama na kuusugua matopeni.

"Mwalimu! Unauharibu!" akina mama walipiga kelele.

"Ndiyo. Sasa peleka jikoni. Peleka chooni. Ikichanika lete, nina maboksi mingi."

Na picha zikaongezeka. Alirudi kwa yule mpiga picha wa harusi, akakaa kwenye kiti cha maharusi, mbele ya pazia lenye maua, akashika shavu na kukunja uso: inauma. Akasukuma sahani: sitaki. Akanyoosha kiganja: acha. Kwa hiyo watoto wote wa darasa lile, walipoumwa, walisema hivyo kwa sura ya Mwalimu. Nimewahi kufikiria kwamba hiyo ndiyo adhabu aliyojichagulia, kila mtoto mwenye maumivu amwekee uso wake kiganjani. Lakini sijui. Huenda alikosa tu mtu mwingine wa kukunja uso bure.

Kwetu aliendelea kuja, na lile swali lake mlangoni lilianza siku hizo. Hakula tena chakula cha nyumba yetu. Mama alimwekea sahani, akamwambia, "Mwalimu, ni Mungu amepanga." Alijibu, akimwita kwa jina langu, "Usimsingizie, Mama Okot. Ni mimi nilikuambia utunze." Mama naye akasema, "Na ufunguo ulikuwa wangu." Walikaa wakitazamana, wanawake wawili, kila mmoja akilivuta kosa upande wake kama shuka katika kitanda kidogo. Sisi wengine tulitazama sakafu. Baba alivaa kofia akaenda kazini, ingawa ilikuwa siku yake ya kupumzika.

Nilipomaliza kidato cha nne nilimuuliza jambo, kwa ujinga wa umri ule. Ubao wa Aber ulikuwa umejaa picha mpaka nyuma. Nikasema, "Mwalimu, mbona hakuna ya kusema umenikosea?"

Aliendelea kukata karatasi kwa muda.

"Watu wote wameshanisamehe," alisema. "Mama yako, baba yako, padri. Wamenisamehe haraka mpaka naona aibu. Mwenye sikio peke yake hajasema kitu. Na mwenye sikio hana hilo neno, kwa sababu mimi ndiye wa kumpa, na naogopa kumpa."

Hakumpa. Mwaka uliofuata nami nikaondoka.

Nimetembea sana. Nimekuwa turnboi, yaani utingo, wa malori mpaka Juba, nimeuza simu Arua, nimekaa Goma na Eldoret, na kila mahali nimeikumbuka Nakawa kuliko nilivyoipenda nikiwa ndani yake. Mtu anayetembea hivyo huambiwa ana miguu ya mbwa. Mimi najua tu kwamba kukumbuka nyumbani ni rahisi kuliko kukaa humo, hasa nyumba yenye kabati lililowekewa mbao mahali pa kioo. Mara moja nilikutana na Mwalimu kule Bugolobi, karibu na magorofa. Alinishika mkono wa shati.

"Ubao uko wapi?" aliniuliza, mimi nisiye na mtoto. Kisha akajirekebisha. "Aber anasikia vipi siku hizi? Upande ule mzima?"

Nilimwambia sijafika nyumbani bado.

"Basi sisi ni wawili tusiofika," alisema, akaniachia shati.

Baba alipofariki, Mama na Aber walihamia Ntinda, chumba na sebule nyuma ya maduka. Niliporudi safari hii nilimkuta dada yangu ni mwanamke mzima mwenye kazi. Jirani yao, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, anauza vitenge, na Aber humkunjia. Hakuna vitenge vilivyokunjwa sawasawa kama vile katika Ntinda yote. Ubao sasa uko ndani ya simu. Anagusa picha, simu inasema. Mwanzoni ilisema kwa sauti ya Mzungu aliyeng'ang'ana na Kiswahili, wateja wakacheka, basi Mama Furaha akarekodi maneno kwa sauti yake, pamoja na yale ambayo Aber alimwonyesha kwamba anayataka. Alimwekea yote bila kuchagua, hata matusi. Kwa hiyo dada yangu Mwacholi wa Nakawa anaongea kama mtu wa Bukavu. "Weye, leta chai," aliniambia siku ya kwanza.

Mwalimu alikuja Jumapili moja mchana, Aber na Mama Furaha wakikunja vitenge sebuleni kwetu. Alikuwa amestaafu, anatembea na fimbo, na mfuko wa kitambaa haukuwa na kitu. Sijui kama alijua kuhusu simu. Alipoisikia ikisema "karibu" kwa sauti ya mwanamke, aliganda mlangoni. Akaomba kuonyeshwa. Aber akampitishia picha moja baada ya nyingine, na Mwalimu akazitazama zote, mamia, mpaka akafika kwenye zile za ugomvi. Umenikosea ilikuwepo. Akaishikilia simu hapo kwa muda, kisha akamrudishia mwenyewe.

Alisogeza kiti upande wa sikio linalosikia.

"Aber. Ile sikio yako. Mimi ndiye nilisema ubao utunzwe, na mimi sikukuwekea picha ya kuumwa. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Mwalimu, mambo ya zamani hayo," Mama alisema. "Tulishasamehe."

"Wewe ulisamehe yako, Mama Okot. Hii ni yake."

"Bibi atakunywa chai?" Mama Furaha aliuliza kutoka kwenye vitenge.

Tulisubiri. Mwalimu naye alisubiri, mdomo umefungwa, mikono miwili juu ya fimbo. Aber alimaliza kukunja kitenge alichokuwa nacho, akakilaza juu ya vingine, akasawazisha pembe. Akachukua simu.

"Ilikuwa inauma," sauti ya Mama Furaha ilisema. Kidole kikatafuta tena. "Sana."

"Najua," Mwalimu alisema. Kisha akasema, "Hapana. Sijui. Unanisamehe?"

Kidole kilikaa juu ya simu bila kugusa. Kikashuka.

"Bado."

"Aber!" Mama alishtuka, kama aliyeaibishwa na mtoto mbele ya mgeni, akanyoosha mkono kuelekea ile simu.

"Mwache!" Mwalimu alisema, kwa sauti ya darasani ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. Mama akaurudisha mkono wake mapajani. Mwalimu alimgeukia Aber tena, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekataliwa. "Nimesikia. Nije nikuulize tena?"

"Njoo Jumapili," simu ikasema, na Aber akavuta kitenge kingine.

Nilimsindikiza Mwalimu mpaka barabarani. Njia nzima nilijizuia nisimfariji, kwa maana kila mtu alikuwa ameshamfariji. Tulipofika kwenye lami alisimama, akahamisha fimbo mkono wa pili, akaniuliza kama Jumapili bodaboda hupatikana mapema.